Ndege ya Vita Katika Nyumba ya Amani

Likizo ya shule inapoingia, kila mzazi hujikuta na swali lile lile: mikono ya watoto ishughulike na nini? Simu na televisheni huwa na jibu lao kabla sisi hatujafumbua vinywa. Zipo nyumba zenye cherehani, zipo zenye shamba, zipo zenye duka, na huko mtoto hapati nafasi ya kuchoka kwa kukaa bure. Katika makala haya twapenda kuwasimulia wasomaji wetu kazi moja ya mikono ambayo haijazoeleka sana katika majumba ya Pwani, nayo ni kuunganisha na kupaka rangi ndege za mfano. Na hasa ndege moja ya jeshi la majini, ndege ya mashambulizi, ambayo ilitufunza mengi kuliko tulivyotarajia siku ilipoingia nyumbani.

Sisi ni wazaliwa wa Mombasa ambao riziki imetupeleka bara, Kiirua, katika nchi ya Wameru, kaskazini mwa Mlima Kenya. Huku ni nchi ya viazi, mahindi na maharagwe. Asubuhi zake ni za kijibaridi, na kiangazi kikikaza, upepo hubeba vumbi jembamba linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Ukielekea kaskazini, nchi huteremka hadi kwenye tambarare kavu za Isiolo. Ukitazama upande wa mashariki, waviona vilima vya Nyambene. Bahari iko mbali. Watoto wetu huiona mara moja au mbili kwa mwaka, tunapoteremka kuwazuru wazee. Lakini ndege za kivita wanazijua. Kambi ya jeshi la anga ya Laikipia iko Nanyuki, si mbali sana nasi, na ngurumo za ndege zikipita juu ya mashamba, hakuna mtoto asiyeinua macho.

Sanduku la ndege hiyo lililetwa na mjomba wao anayefanya kazi Muscat. Ndani yake mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande zaidi ya mia, karatasi ya maelekezo, na karatasi nyingine ya vibandiko vya alama. Juu yake palichorwa ndege yenye topido tumboni, ikiruka karibu kabisa na mawimbi. Mvulana wetu wa miaka 13 alifurahi mno. Dada yake wa miaka 11 alianza kuhesabu vipande. Bibi yao, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, alilitazama sanduku kwa muda, kisha akauliza: "Wanangu, chombo cha kuulia watu chapambwa kwa nini?"

Swali hilo lilikuwa na haki ya kujibiwa, na halikujibika kwa neno moja. Tulimwomba atupe muda, naye alitupa kwa sharti: kwamba watoto waelezwe ndege ile ilifanya nini, wasiambiwe tu kuwa ilikuwa nzuri. Sharti hilo ndilo lililoiongoza kazi yote, na ndilo tunalowapendekezea wazazi wenzetu.

Ndege yenyewe na bahari yetu

Ndege hiyo ni Fairey Swordfish ya jeshi la majini la Uingereza. Jina lake ni la samaki mwenye pua ndefu kama upanga, anayefanana na nduwaro wa wavuvi wetu. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1934, ikaanza kazi mwaka 1936, na zikaundwa karibu 2,400. Kwa macho ya leo ni chombo cha ajabu: mifupa ya chuma iliyovishwa kitambaa, mabawa mawili yaliyopangana kama rafu, nyaya nyingi za kuyashikilia, na watu watatu waliokaa wazi kwenye upepo, yaani rubani, mwonyesha njia, na mpiga simu ya upepo ambaye pia ndiye aliyeshika bunduki ya nyuma. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 220 kwa saa, nao ulikuwa mwendo wa kuchekwa hata zama hizo.

Wanamaji waliipa jina la utani, jina la ule mkoba wa nyuzi ambao wanawake wa Uingereza walikwenda nao sokoni, kwa kuwa mkoba huo hutanuka na kupokea kila kitu. Binti yetu, anayewaona majirani wakitoka sokoni na viondo vyao, alielewa mara moja. Kiondo hiki lakini kilibeba topido ya karibu kilo 730, au mabomu, au mapipa ya baruti yanayotupwa majini ili yalipukie vilindini dhidi ya nyambizi.

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, ndege 21 za aina hii ziliruka kutoka manowari ya kubebea ndege iitwayo Illustrious, zikaishambulia bandari ya Taranto, Italia, na kuzilemaza manowari tatu kubwa. Mwezi Mei 1941, topido ya Swordfish iliharibu usukani wa manowari ya Ujerumani, Bismarck, ikashindwa kukimbia na ikazamishwa. Sifa hizo husimuliwa kila inapotajwa ndege hii. Yanayosimuliwa kwa nadra ni yale yanayotuhusu sisi watu wa Pwani.

Mwezi Aprili 1942 ndege za Japani zilizopaa kutoka manowari ziliipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Waingereza waliona kuwa manowari zao za Mashariki hazina tena usalama huko, wakazileta Kilindini. Mombasa yetu ikawa makao ya kundi la manowari lililokuwa na jukumu la Bahari ya Hindi. Wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani walipewa jengo la shule ya Allidina Visram, lile linaloitazama bahari, wakafanya kazi humo. Vikaanzishwa pia vituo vya ndege za majini, na Waingereza wakavipa majina ya Kiswahili: cha Kilindini kikaitwa Kipanga, na karakana yao ya Nairobi ikaitwa Korongo. Watoto walipoyasikia majina haya walicheka kwa furaha, kwani korongo wanamjua, na kipanga ndiye anayewaibia vifaranga.

Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942, Illustrious ile ile ya Taranto ilikuwa mbele ya bandari ya Diego Suarez, Bukini, mji ambao leo waitwa Antsiranana. Swordfish zake zilizamisha meli ya kivita ya Wafaransa, Bougainville, na nyambizi yao, Bévéziers. Wafaransa waliokishika kisiwa walikuwa watiifu kwa serikali ya Vichy, iliyokuwa imepatana na Ujerumani. Na katika safu zao walikuwamo askari wa Kimalagasi na wale wa Afrika Magharibi walioitwa Wasenegali. Mwezi Septemba mwaka huo, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles, ilishiriki kukiteka kisiwa kilichobaki, na mapigano yakaisha mapema mwezi Novemba. Basi Waafrika walikuwa pande zote mbili, katika vita ambavyo si wao walioviamua.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa ndege za majini kufika pwani hii. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya mto Rufiji, Waingereza walileta ndege kwa meli na kuziweka kisiwani Mafia, wakazitumia kuitafuta na kuielekeza mizinga, hadi Wajerumani wenyewe wakaimaliza mwezi Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa majini, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, na bila shaka wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kupiga picha kando yake siku ya Idi bila kujua ulikotoka.

Kazi ya mezani

Ndege za mfano huundwa kwa vipimo. Yetu ni ya kipimo cha 1 kwa 72, maana yake kila sentimita 72 za ndege ya kweli zimekuwa sentimita moja mezani. Swordfish ya kweli ilikuwa na upana wa mita 13.87 kutoka ncha hadi ncha ya bawa. Watoto wakagawanya, wakapata sentimita 19 na kidogo, wakapima kwa rula na kukuta ni kweli. Somo la hesabu lilipita bila ya mtu kuombwa afungue daftari.

Hatua ya kwanza ni kuziosha fremu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa plastiki hutoka kiwandani na mafuta yanayoikataa rangi. Zikikauka, kipande hukatwa kutoka kwenye fremu kwa mkasi mdogo wa kukatia waya, kisha pale palipokatwa husuguliwa kwa msasa laini hadi kidole kisihisi kovu. Hukatwa kile tu kinachohitajika wakati huo. Anayekata vyote kwa pamoja hujikuta na bakuli la vipande visivyo na majina.

Jambo lililowashangaza watoto ni kwamba rangi huanza ndani. Viti, sakafu na kuta za chumba cha rubani hupakwa kabla ya nusu mbili za kiwiliwili kuunganishwa, kwani zikishafungwa, brashi haifiki tena. Mvulana alilalamika kuwa sehemu hizo hazitaonekana sana. Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alimwambia kwamba nguo nzuri hujulikana upande wa ndani wa mshono. Lalamiko liliishia hapo.

Kiwiliwili kikishaunganishwa hupakwa rangi ya awali ya kijivu. Hii ina kazi mbili: huishikisha rangi itakayofuata, na huzifichua kasoro zote. Ndipo yakaja maswali ya rangi zenyewe. Swordfish ya mwaka 1942 ilipakwa mgongoni kijivu kizito cha bahari na kijivu kingine chenye ukijani, vikipakana kwa mawimbi. Tumboni ikawa na kijani hafifu kilicho karibu na rangi ya yai la bata. Lakini bawa la chini lilipakwa rangi zile zile zikiwa zimefifishwa. Kwa nini? Kwa sababu bawa la juu hulitia kivuli la chini, na kivuli hugeuza rangi kuwa nzito. Aliyepaka alilififisha la chini ili, mtazamaji akiwa juu angani, mabawa yote mawili yaonekane sawa. Binti yetu alililipenda jambo hili kuliko mengine yote, akachanganya kijivu chake mara nne hadi akaridhika.

Rangi hizo zilibuniwa kwa bahari za kaskazini, zenye mawingu na ukungu. Mtu aliyeiona bahari ya Nyali saa sita mchana hawezi kuamini kwamba kijivu hicho kingemficha mtu hapo. Ajabu ni kwamba Kiirua, pasipo na bahari, ukungu wa alfajiri ukifunika vilima, ndipo tulipoziona rangi hizo nje ya kichupa.

Kuhusu upakaji, tunashauri rangi zinazochanganywa kwa maji, hasa penye watoto. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, isiwe nzito kama mtindi, na ipakwe tabaka mbili au tatu nyembamba, kila tabaka likisubiri lililotangulia likauke. Mwenye papara hupaka tabaka moja nene, nalo huziba mistari yote midogo iliyochongwa kwenye plastiki. Huku kwetu baridi huchelewesha kukauka. Mombasa, unyevunyevu wa hewa hufanya vivyo hivyo. Adui mkubwa wa Kiirua lakini ni vumbi. Tulilishinda kwa kifaa cha bibi: kawa. Kile kifuniko cha ukili kinachofunika chakula kilifunika ndege usiku kucha, hewa ikapita na vumbi likabaki nje.

Mkono wa kupaka piko una faida kubwa katika kazi hii. Aliyezoea kuchora ua jembamba kwenye kiganja cha bibi harusi anajua kuegemeza kifundo cha mkono, kuvuta brashi kuelekea kwake, na kupumua taratibu. Wanawake wengi wa Pwani wana ujuzi huo pasi na kuuhesabu kuwa ni ujuzi. Mpaka wa mawimbi kati ya rangi mbili ulichorwa na mama, na hakuna aliyeweza kumshinda.

Nyuzi za bibi

Swordfish bila nyaya si Swordfish. Kati ya mabawa yake kuna nyaya zinazopishana kwa kukingama, na katika ndege ya mfano hizo hufanywa kwa uzi. Waundaji wa ndege za mfano huliogopa sana jambo hili. Wako wanaokimbilia ndege za bawa moja kwa sababu hiyo tu.

Hapo ndipo bibi alipoitwa. Yeye amedarizi kofia tangu ujana wake, zile kofia za mkono zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, kazi ya miezi kwa kofia moja. Alisogeza kiti, akavaa miwani, akaomba nta ya nyuki. Uzi mwembamba ukivutwa juu ya nta, alitueleza, manyoya yake hulala na hausokotani. Vitobo vilitobolewa kwa keekee ndogo ya mkono. Uzi ulipitishwa kwa sindano kutoka bawa la chini hadi la juu, ukavutwa kwa kadiri, ukashikizwa kwa tone la gundi lililobebwa na ncha ya kijiti cha meno. Ukivutwa mno, bawa hupinda. Ukilegea, ndege huonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Alifanya jioni tatu, baina ya Magharibi na Isha, watoto wakimshikia taa.

Hakuwa amelisahau swali lake. Alikuwa akidarizi na kuuliza: huyu wa mbele alikuwa nani, huyu wa nyuma aliona nini, na waliokuwa chini yao je?

Alama, uchakavu na ukweli

Vibandiko vya alama hutumbukizwa katika maji kwa nukta chache, kisha huteleza kutoka kwenye karatasi yake hadi mahali pake. Chini yake hutangulizwa vanishi ya kung'aa ili hewa isinase, na juu yake hufuatishwa vanishi isiyong'aa. Alama ya Uingereza ni miduara iliyo ndani ya miduara, ya katikati ikiwa nyekundu. Baadaye katika vita hivyo, vikosi vya Uingereza vya Mashariki viliuondoa wekundu huo, kwa kuhofia usidhaniwe kuwa ni jua jekundu la Japani, askari wakapigana wao kwa wao. Rangi moja ya ukubwa wa kifungo yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti.

Mvulana wetu alitaka kuchora ubavuni picha ndogo za meli zilizozamishwa, kama alivyoona kwenye ndege nyingine za vita. Tulimuuliza: ndege hii yenye namba hii, wajua iliizamisha meli gani? Hakujua, nasi hatukujua. Basi hakuchora. Kanuni ya kazi hii, na ya mambo mengine mengi, ni kutoandika usichokijua.

Uchakavu nao ni sanaa, na ni sehemu ya ukweli. Ndege iliyoishi juu ya manowari haikuwa mpya kama kikombe cha dukani. Jua lilipausha rangi za mgongoni, chumvi iliacha weupe, bomba la moshi liliacha weusi ubavuni, na viatu vya mafundi vilikwaruza pale walipokanyaga kupanda. Weusi wa moshi tuliupata kwa unga wa makaa ya jiko uliopakwa kwa brashi kavu. Madoa ya mafuta yalitoka kwenye mswaki mkuukuu uliochovywa katika rangi ya hudhurungi na kupunyuliwa kwa kidole gumba. Lakini tahadhari: Swordfish ilivishwa kitambaa, na kitambaa hakichubuki kikaonyesha chuma. Michubuko ya rangi ya fedha huwekwa penye mabati tu, karibu na injini. Ndege ya kitambaa yenye mikwaruzo ya fedha mabawani imepakwa na mtu aliyeiga bila kufikiri.

Mapipa madogo

Ndani ya sanduku mlikuwa na silaha za kuchagua: topido moja, au mapipa madogo ya kuning'inizwa chini ya mabawa. Mvulana aliuliza mapipa ni ya nini. Tulimwambia ni yale ya kulipukia vilindini. Ili aelewe maana yake, tuliwasimulia watoto habari ya meli Khedive Ismail.

Meli hiyo iliondoka Kilindini mwezi Februari 1944, katika msafara uliokwenda Colombo. Ilibeba watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, kusini mwa Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa dakika chache tu. Waliosalimika walikuwa wakielea baharini, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari za ulinzi zilikuwa na msafara mzima wa kulinda. Zikayatupa mapipa hayo ya baruti pale pale, juu ya nyambizi na miongoni mwa watu waliokuwa wakiogelea. Nyambizi ilizamishwa. Watu karibu 1,300 walikufa siku hiyo. Waliookolewa walizidi 200 kwa wachache. Askari wa kikosi hicho wanakumbukwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong.

Meza ilinyamaza. Mvulana aliligeuza pipa moja katikati ya vidole. Lilikuwa dogo mno. Akauliza kama waliolitupa walijua kwamba watu wao wako majini. Tukamwambia ndiyo, walijua. Hatukumwambia kama walifanya haki au walikosa, kwa sababu watu wazima wenye elimu wamebishana juu ya siku hiyo tangu ilipopita. Tulimwambia kwamba vita huwafikisha watu mahali ambapo kila njia ina maiti, na kwamba hii ndiyo sababu wenye akili huiomba amani kabla haijapotea.

Palibaki jambo moja. Sanduku lilikuwa na sanamu tatu za wanajeshi, kila moja ndogo kuliko ukucha. Juu ya sanamu za watu, wanazuoni wana maneno yao, na kila nyumba ifuate inayemwamini. Kwa heshima ya bibi, tuliziacha ndani ya sanduku. Viti vitatu vikabaki vitupu, vimepakwa vizuri kama mvulana alivyolazimishwa kuvipaka.

Watoto ndio walioamua ndege ikae vipi. Mabawa ya Swordfish hukunjwa kurudi nyuma ili ienee katika ghala la manowari. Wakachagua kuyakunja, kama kipanga aliyetua. Topido wakaiacha tumboni, kwa kuwa kuiondoa kungekuwa ni kuisema ndege uongo. Chini yake binti aliweka kadi aliyoiandika kwa mkono, yenye majina matatu, Bougainville, Bévéziers na Khedive Ismail, pamoja na tarehe zake. Bibi aliisoma kadi hiyo mara mbili, akasema kwamba sasa chombo hicho hakikupambwa, kimeelezwa. Hilo likawa jibu la swali lake, na alilitoa yeye mwenyewe.

Kwa familia zinazotaka kuanza

Anayeanza asianze na ndege yenye nyuzi. Achague ya bawa moja, yenye vipande vichache, ya kipimo cha 1 kwa 72. Brashi mbili nzuri zatosha kuliko kumi mbovu. Gundi ya plastiki na vanishi za kunyunyiza zitumike dirisha likiwa wazi, na mama mjamzito asikae karibu nazo. Wembe ushikwe na mkubwa. Penye mtoto anayetambaa, vipande vihesabiwe kabla ya meza kuachwa, kwani kila kilichoanguka huishia kinywani. Wasichana nao wapewe nafasi sawa mezani.

Asiyependa zana za vita ana njia nyingine pana. Mafundi wa Lamu wamechonga majahazi ya mfano miaka mingi, yenye tanga na kamba zake zote, na msasa, uzi, nta na subira ni vile vile. Watoto wetu wamekwisha kuomba kwamba kazi yao ijayo iwe jahazi.

Lakini chombo chochote kikichaguliwa, kiwe cha vita au cha biashara, sharti la bibi lisiachwe. Mtoto aulize kilimbeba nani, kilimlinda nani, kilimuua nani. Zipo ndege nyingi za mfano zilizopakwa kwa ustadi mkubwa na wasiojua lolote kuzihusu. Iliyo ngumu, na yenye faida, ni ile inayomfanya mtoto aujue mji wake na bahari yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama, awajaalie vijana wetu mikono yenye kazi njema, na aijaalie bahari yetu ibaki kuwa njia ya riziki. Amin.